Penye Watu Wengi, Chagua Saa Yako

Leo sitakupa mahubiri. Nataka tuzungumze juu ya safari ya furaha, na namna furaha hiyo inavyoweza kugeuka machozi kwa sababu ya kitu kimoja tu: saa.

Juzi vijana wa kwaya walikuja kwangu jioni. Wamechanga feza miezi mingi, wanataka kwenda Kalemie kuona ziwa siku ya Bonané. Walikuwa na karatasi nzuri sana: bei ya moto, bei ya chakula, kitenge cha kufanana. Niliisoma yote, kisha nikauliza: "Mutafika ufukoni saa ngapi? Na siku hiyo watu wengine wote wa Kalemie watakuwa wapi?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Pasta, sikukuu ni watu! Tukikosa watu tutafurahi na nani?"

Binti yangu, ambaye naye anaimba kwaya, hakucheka. Alinitazama tu, akasema polepole, "Mzee Kasongo." Wenzake hawakuelewa. Basi ngoja niwaeleze wao, na wewe pamoja nao.

Siku ya kwanza: tulifuata tarehe

Ilikuwa mwaka 2014. Bibi yangu alisumbuliwa na macho, na mdogo wangu anayefanya biashara Dar es Salaam akatuita tumpeleke kutibiwa kule. Tulisafiri wakati wa kiangazi na watoto wetu wawili, kijana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6. Kutoka Kasongo tulipita Kabambare kwa moto, tukaendelea hadi Fizi na Baraka, tukavuka Ziwa Tanganyika kwa mashua hadi Kigoma. Unajua kwamba ndiyo karibu njia ileile ya misafara ya zamani, ya kutoka Kasongo na Kabambare kwenda Ujiji. Tangu Kigoma tukapanda gari la moshi, zaidi ya kilometa 1,200 hadi baharini. Watoto walichoka, lakini mdogo wangu alikuwa amewaahidi jambo moja: "Nitawapeleka Sabasaba muone simba."

Sabasaba ni maonyesho makubwa ya biashara. Hufanywa kila mwaka kwenye uwanja ulio kando ya barabara ya Kilwa, kuanzia mwisho wa mwezi wa sita hadi katikati ya mwezi wa saba. Jina lake linatoka kwenye tarehe 7 mwezi wa 7, siku ambayo chama cha TANU kilianzishwa mwaka 1954. Siku hiyo ni sikukuu ya serikali, watu hawaendi kazini. Mule uwanjani kuna mabanda ya nchi nyingi, mashini, nguo, vyakula, bembea za watoto, na hata wanyama hai ndani ya vizimba. Kwa mtoto wa Kasongo, ni kama dunia nzima imekusanywa ndani ya ua mmoja.

Sasa sisi tulichagua siku gani? Tarehe 7 yenyewe! Tulisema, Sabasaba ni Sabasaba, siku nyingine si kitu. Siku hiyo ilikuwa juma tatu. Asubuhi tulikunywa chai bila haraka, tukawavalisha watoto nguo za ibada, tukatoka nyumbani saa nne. Daladala zote za kwenda Mbagala zilikuwa zimejaa hadi mlangoni. Tulifika langoni karibu saa saba, jua juu ya kichwa.

Ndugu yangu, sikuwahi kuona mustari kama ule. Wao wanauita foleni, na neno hilo hilo wanalitumia kwa magari yanayosimama barabarani. Ulizunguka ua, ukapinda, ukarudi. Watoto walianza kulia kiu. Maji tulikuwa hatukubeba, tukanunua pale pale kwa bei ya pale pale. Kijana mmoja akanikaribia, akanong'ona kwamba nikimpa kitu kidogo atatupitisha kando. Nakuungamia kwamba mimi mchungaji niliingiza mkono mfukoni. Bibi yangu alinitazama kwa macho yake yale mabovu, nikautoa mkono mtupu.

Tuliingia baada ya saa nane. Watu wote walikuwa wanakwenda upande mmoja, kwa wanyama, na sisi tukafuata. Nilikuwa nimemshika binti yangu mkono. Mbele kidogo mtu aliuza karanga, nikaachia ule mkono ili nitoe feza. Nafikiri haikupita dakika moja. Nilipogeuka, mtoto hakuwako.

Kwanza nilidhani yuko na mama yake. Mama yake alidhani yuko na baba mdogo. Baba mdogo alidhani yuko na mimi. Hivyo ndivyo mtoto anavyopotea penye watu wengi: kila mtu mzima anaamini kwamba mwenzake anamtazama.

Tulikimbia huku na huku kama saa nzima. Nilikuwa naita jina lake, lakini sauti yangu ilimezwa na muziki wa mabanda. Wakati huo kipaza sauti kilikuwa kinatangaza: "Mzee Kasongo, Mzee Kasongo, mtoto wako yuko hapa, njoo umchukue." Kikatangaza mara ya pili. Kikatangaza mara ya tatu. Na mimi, unajua nilifikiri nini? Nilikasirika ndani ya moyo nikasema: huyu Mzee Kasongo ni baba wa namna gani, anaitwa mara tatu na haendi kumchukua mtoto wake!

Ni bibi yangu aliyesimama ghafula akanishika bega. "Baba," akasema, "Kasongo si mtu. Kasongo ni kwetu."

Tulimkuta amekaa juu ya sanduku la soda, anakula mandazi aliyopewa na mama mmoja mwuzaji. Walikuwa wamemwuliza jina la baba yake, akajibu, "Papa." Walipomwuliza anatoka wapi, akasema, "Kasongo." Nao wakadhani hilo ndilo jina langu. Mtoto wa miaka 6 hakujua jina la baba yake, kwa maana nyumbani mimi ni Papa, na nje mimi ni Pasta. Hakuna aliyemfundisha. Aliponiona hakulia. Alisema, "Papa, mimi sikupotea. Ni nyinyi mulipotea." Mimi ndiye niliyelia.

Simba hatukumwona siku hiyo. Tulirudi nyumbani usiku, watoto wamelala mabegani, na feza ya juma nzima imekwisha.

Siku ya pili: tulichagua saa

Kulikuwa na mama mzee, jirani wa mdogo wangu, ambaye kila mwaka alipika chakula na kuuza kule uwanjani. Alikuja kutupa pole. Aliposikia habari yote akasema, "Mchungaji, nyinyi mmekwenda kuiona tarehe. Maonyesho bado hamjayaona." Kisha akatueleza namna ya kwenda. Siku mbili baadaye, juma nne na juma tano zikiwa za kazi kwa watu wa mji, tulirudi. Tulikwenda ile juma tano, tarehe 9.

Tulitoka nyumbani kungali giza. Tulibeba maji na viazi vya kuchemsha. Tulikuwa langoni kabla halijafunguliwa, na mbele yetu walikuwa watu wachache tu. Mdogo wangu peke yake alisimama kwenye dirisha la tiketi, sisi wengine tukakaa kivulini. Lango lilipofunguliwa hatukusimama kwenye banda la kwanza kama wengine. Tulikwenda moja kwa moja hadi kwa wanyama, kisha tukawa tunarudi kidogo kidogo kuelekea langoni. Simba alikuwa amelala, halafu akaamka akapiga miayo. Binti yangu alikaa mbele yake muda aliotaka, hakuna aliyemsukuma. Kijana wangu alizungumza na fundi wa mashini ya kusaga mahindi hadi akajua kila chuma kinafanya nini. Tulikula saa nne na nusu, wakati hakuna mtu anayekula. Saa saba, watu walipoanza kujaa, sisi tulikuwa tunatoka tunacheka. Tulitumia chini ya nusu ya feza ya siku ya kwanza.

Uwanja ni uleule. Simba ni yuleyule. Kilichobadilika ni siku na saa.

Mustari unatoka wapi?

Usidhani ni sisi Waafrika tu. Kule Marekani, katika California, kuna bustani kubwa ya michezo inayoitwa Disneyland. Ilifunguliwa tarehe 17 mwezi wa 7, mwaka 1955. Walialika watu karibu 15,000, lakini wakaingia karibu 28,000, wengi wao na tiketi za bandia. Barabara zilijaa magari, chakula kikaisha. Mzungu naye, akiambiwa siku moja na saa moja, anakwenda siku hiyo na saa hiyo pamoja na wenzake wote.

Fikiri hesabu hii. Dirisha moja linaweza kuhudumia watu 5 kwa dakika. Wakija 4 kwa dakika, hakuna mustari. Wakija 6 kwa dakika, kila dakika mmoja anabaki. Ni mmoja tu! Lakini baada ya saa mbili watu 120 wamesimama juani, na atakayefika mwisho atangoja dakika 24. Wakija 10 kwa dakika, baada ya saa hizo mbili watasimama 600, na wa mwisho atangoja saa mbili nzima. Kwa hiyo tofauti ya kufika saa moja na kufika saa nne ni kubwa sana. Atangulie mmoja ao afuate mwingine, yule aliyekuja kabla mustari haujazaliwa hana haja ya kusukumana, wala ya kutoa kitu kidogo. Njia ya haki ya kupita mbele ya watu ni kuamka mbele yao.

Tena si habari ya kuchoka tu. Watu wengi mahali pamoja wanaweza kuua bila kutaka. Tarehe 1 mwezi wa 2, 2020, watu 20 walikufa uwanjani kule Moshi, Tanzania, katika mkutano wa maombi, waliposukumana kukanyaga mafuta. Tarehe 21 mwezi wa 3, 2021, watu 45 walikufa Dar es Salaam kwenye Uwanja wa Uhuru, walipokwenda kuaga mwili wa Rais Magufuli. Na kwetu Kongo, tarehe 29 mwezi wa 10, 2022, watu 11 walikufa Kinshasa siku ya muziki kwenye Stade des Martyrs. Hawa wote walitoka nyumbani wazima. Walikwenda kuomba, kulia ao kufurahi.

Mashauri yangu kwako

Sasa nakuandikia yale niliyojifunza, uyakate uyabandike ukutani ukitaka.

1. Uliza kwanza usalama wa njia. Kwetu Kabambare hii ndiyo ya kwanza daima. Njia ikiwa mbaya, hakuna sikukuu inayostahili maisha ya mtoto. Kaa nyumbani, chinja kuku.

2. Tenga sikukuu na tarehe. Kama mahali pako wazi siku nyingi, usichague siku ile kila mtu aliyoichagua. Tarehe 3 ziwa lina maji yaleyale ya tarehe 1.

3. Fika kabla ya kufunguliwa, anzia nyuma, urudi mbele. Watu wengi husimama kwenye kitu cha kwanza wanachokiona.

4. Kula kabla ya wengine ao baada yao. Beba maji yako.

5. Kila mtoto awe na mtu mzima wake, kwa jina. Usiseme "tumtazame mtoto". Sema "wewe unamtazama huyu, mimi namtazama huyu".

6. Mfundishe mtoto jina lako lote, si Papa wala Pasta. Weka mfukoni mwake karatasi yenye jina lako na namba ya simu. Mwonyeshe pia mahali pa kukutana mkipotezana: muti mkubwa, bendera, mlango fulani.

7. Jua saa ya kutoka kabla hujaingia. Watu wakianza kubanana, usingoje kuona mwisho. Toka polepole kwa kando, usipigane na mkondo.

Haya si ya Dar es Salaam tu. Tarehe 30 mwezi wa 6, wakati wa kuandamana kwa Uhuru, ukiwa na watoto simama pembeni ya kiwanja, si katikati. Siku ya soko, mama anayefika alfajiri anachagua samaki, anayefika saa nne anachaguliwa. Siku walimu wanapopata mshahara, usiende siku hiyo kwa ajenti wa simu kutuma franka zako, kama zinaweza kungoja kesho. Na wewe kijana wa mashimo, nisikilize kwa upole. Najua unavyouza zahabu kabla ya Bonané na kushuka mjini siku ileile na wenzako mia. Siku hiyo chumba ni ghali, bia ni ghali, moto ni ghali, na mwizi naye ameshuka. Ukija siku tatu baadaye, feza yako inakuwa nzito zaidi ingawa haikuongezeka hata franka moja.

Kijana wa kwaya alisema sikukuu ni watu. Ana haki kwa sehemu. Mimi pia napenda kusikia watu elfu wakiimba, na kuna siku ambazo haiwezekani kuzihamisha. Lakini hata siku hizo inafaa mpango. Unakumbuka wazazi wa Yesu walipotoka Yerusalemu baada ya sikukuu. Walitembea siku nzima wakidhani kijana yuko katika msafara, na ikawapasa kurudi, wakamkuta siku ya tatu. Kila mara niliposoma habari hiyo zamani, nilishangaa namna wazazi wazuri vile walivyoweza kumsahau mtoto. Tangu mwaka 2014 sishangai tena. Na kumbuka Yesu huyo alipokuwa na maelfu ya watu wenye njaa: kabla ya mkate kugawanywa, watu waliketishwa makundi makundi, ya mia na ya hamsini. Hawakuachwa wakimbilie kikapu.

Vijana wangu walirudi na karatasi yao baada ya siku mbili. Wamebadilisha: watakwenda Kalemie tarehe 4, si tarehe 1. Watafika ufukoni asubuhi mapema, wamegawanyika makundi manne, kila kundi na mkubwa wake, na wadogo wote wana karatasi mfukoni. Niliisoma tena yote, nikaweka saini.

Binti yangu ndiye aliyeandika zile karatasi za wadogo. Nilichukua moja nikaitazama. Juu kuna jina la mtoto, chini jina lote la baba, kisha namba ya simu. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, ameandika: "KASONGO NI MJI."